Pikipiki za umeme: moshi utaondoka, je, hesabu ya tajiri nayo itaondoka?

(Mada niliyoitoa kwa vijana wa chama wa kata zetu za Temeke. Wengi mliokosa nafasi ya kufika mliomba maandishi yake. Nimeyaacha karibu kama nilivyosema, nimepunguza tu matani.)

Naona wenzetu wa bodaboda wamepaki nje na bado wana helmeti mikononi, maana yake mmekata kazi kuja kusikiliza. Nitajitahidi msijute.

Nianze na kukiri jambo. Siku zile mgao wa umeme ulipokuwa umetukaba, kuanzia 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, kila kiongozi wa serikali aliyetaja magari ya umeme tulimfanya kichekesho. Mimi mwenyewe nilitengeneza picha moja, mtu anasukuma pikipiki ya umeme gizani huku ameshika mshumaa. Ilisambaa kwenye makundi yote. Ilichekesha kweli. Lakini nilipokaa chini nikapiga hesabu kwa kalamu na karatasi, nikaona nilikuwa nacheka kitu kisichofaa kuchekwa. Leo nataka tuipige pamoja, kwa sababu jambo hili linakuja tutake tusitake, na kama tutabaki kucheka tu, watakaoamua namna litakavyokuja ni walewale.

Hebu tuanze na mapafu kabla ya hali ya hewa ya dunia.

Simama Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi. Au Tazara pale taa zinapowaka nyekundu na malori ya bandarini yamejipanga. Unachokivuta si harufu mbaya tu. Mwezi Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lilelile la moshi wa sigara. Mbaya zaidi ni zile chembechembe laini ambazo wataalamu wanaziita PM2.5. Ukichukua unywele mmoja, upana wake unaweza kupanga chembe hizo kama thelathini. Ni ndogo kiasi kwamba hazikamatwi na pua wala koo, zinafika ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana ugonjwa wake si kikohozi peke yake. Ni shinikizo la moyo, kiharusi, nimonia kwa watoto, watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachokubalika kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, kwa sababu ushahidi ulionyesha hata kile cha zamani kilikuwa kinaumiza watu.

Na nani anavuta? Mwenye V8 amefunga vioo, kiyoyozi kinapuliza. Anayevuta ni mama lishe pale kituoni, trafiki aliyesimama katikati ya barabara, konda, mtoto anayesubiri daladala ya kwenda shule, na wewe bodaboda unayekaa nyuma ya lori saa kumi na mbili kwa siku. Wewe ndiye wa kwanza. Pua yako iko mita moja kutoka kwenye bomba la mwenzako.

Nisije nikaambiwa natia chumvi: moshi wa barabarani siyo muuaji pekee wa nchi hii, na pengine siyo wa kwanza. Jikoni kwetu mkaa na kuni vinaua kimyakimya, hasa akina mama. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwa hilo mimi siwapingi, nawadai tu. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba tukibadilisha pikipiki basi hospitali zitakuwa tupu. MOI hapa Muhimbili wataendelea kupokea waliovunjika miguu. Umeme haufundishi mtu kuvaa helmeti. Tena pikipiki ya umeme haina kelele, na mtembea kwa miguu wa Dar amezoea kusikia kabla ya kuona. Hilo tulifikirie.

Lakini kuna mfano unanipa moyo. Wazee wetu walikuwa wanajaza petroli yenye risasi. Risasi ile ilikuwa inaingia kwenye damu za watoto na kuwapunguzia akili, na wenye viwanda walisema haiwezekani kuiondoa, injini zitakufa, bei itapaa. Mwanzoni mwa 2006 Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeshaachana nayo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Injini hazikufa. Hakuna hata mmoja wenu hapa anayekumbuka siku iliyoondoka. Kisha mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha salfa kwenye dizeli. Mafuta yanaweza kusafishwa, lakini bado yanawaka, na kinachowaka kina moshi.

Sasa twende kwenye hewa ukaa, maana hapa ndipo watu wanapochanganywa.

Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Bodaboda anayezunguka kilomita mia moja na kitu kwa siku anachoma kama lita mbili na nusu. Hiyo ni karibu kilo 6 kwa siku, pikipiki moja. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo, tukimwekea na upotevu wa kwenye chaja, tuseme inakula uniti 5. Kamanda mmoja aliniuliza kwenye kundi la WhatsApp: umeme wetu si unatoka kwenye gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay? Si tunahamisha moshi kutoka Mbagala kuupeleka Kinyerezi? Swali zuri. Mtambo wa gesi unatoa kama nusu kilo kwa uniti. Ongeza unaopotea kwenye nyaya. Utapata kilo 3 hivi. Maana yake hata kama umeme wote ungekuwa wa gesi, tumepunguza nusu. Ukiwa wa maji, inakaribia sifuri. Na umeme wetu sasa sehemu kubwa ni wa maji, tutaufikia.

Inakuwaje nusu wakati yote ni mafuta? Kwa sababu injini ni mlafi. Ukijaza petroli ya elfu kumi, ya elfu mbili au tatu ndiyo inazungusha tairi. Iliyobaki inaunguza mguu wa abiria. Mota ya umeme katika elfu kumi inatumia zaidi ya elfu nane kutembea. Ndiyo maana hata moto wenyewe hauna.

Wengine watasema betri yenyewe inapotengenezwa inachafua. Kweli. Kila uniti moja ya uwezo wa betri kiwandani inaacha nyuma takriban kilo 60 hadi 100 za hewa ukaa. Pikipiki inahitaji betri mbili za kubadilishana, kila moja uniti 3. Chukua hesabu mbaya kabisa: kilo 600. Ukiokoa kilo 3 kwa siku, siku 200 za kazi deni limelipwa, na betri bado ina miaka mbele yake. Gari kubwa la mtu binafsi linalolala nyumbani wiki nzima litachukua miaka kulipa deni hilo. Bodaboda, bajaji na basi vinatembea kutwa, ndiyo maana faida yake inakuja haraka. Kumbukeni hilo mtakapoona msamaha wa kodi unaanza na magari ya kifahari.

Ila naomba tusiuziwe jambo hili kwa hatia. Mchango wa Tanzania kwenye joto la dunia ni mdogo sana. Kijana wa Mbagala hakuyeyusha barafu ya mtu. Lakini gharama tunalipa: Desemba 2023 Hanang tumezika watu kwa maporomoko ya matope, mwaka uliofuata Rufiji mashamba yamelala chini ya maji, kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu mwezi Mei. Tubadilike kwa faida yetu, ya mapafu na ya mfuko. Wenye hatia walipe sehemu yao.

Mfuko. Haya, tuongee sasa.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei, na nchi nzima inashika kichwa. Mafuta yote tunaagiza nje, kwa dola. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022 serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili bei isitupasue. Mwaka uliofuata ikaongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita. Ndiyo nchi yetu. Kwa lita mbili na nusu, tukichukulia elfu tatu kila moja, bodaboda anachoma kama elfu saba na mia tano kwa siku. Uniti 5 za TANESCO kwa bei ya mteja wa kawaida, shilingi 356 kila moja, ni elfu moja mia saba na themanini. Tofauti ni zaidi ya elfu tano kwa siku. Hapo bado hujaweka oili, plagi, na kabureta ya kila mara.

Mnapiga makofi mapema. Subirini. Swali ni je, hiyo elfu tano itaingia mfukoni mwa nani?

Mimi nimeendesha bodaboda miaka miwili kabla ya kurudi chuo, kwa mkataba. Nilikuwa napeleka elfu kumi kila siku, jua na mvua, mgonjwa na mzima. Zidisha kwa siku 365: milioni tatu laki sita na nusu. Pikipiki yenyewe dukani haikufika hapo. Lakini angalau mkataba wa petroli una mwisho. Siku ya mwisho unapewa kadi, pikipiki ni yako, unajaza mafuta kwenye sheli yoyote, hata kwenye chupa kwa mama pale kona.

Pikipiki ya umeme ya kubadilisha betri haiko hivyo. Unaweza kumaliza mkataba, ukapewa kadi, lakini betri si yako. Betri ni ya kampuni. Na betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile, umbo tofauti, plagi tofauti, programu tofauti. Kampuni ikipandisha bei ya kubadilisha, huna pa kwenda. Ukichelewa malipo, pikipiki inaweza kuzimwa kwa simu ukiwa na abiria Kongowe. Kampuni ikifilisika, una chuma kisichotembea. Umetoka kwenye hesabu ya tajiri mwenye sura, unayemjua nyumbani kwake na unaweza kwenda kumwambia mtoto anaumwa, umeingia kwenye hesabu ya tajiri asiye na sura.

Hapo ndipo chama chetu kinapotakiwa kusimama. Kuipinga pikipiki ya umeme ni kumtetea muuza mafuta, na kuishangilia tu ni kumpigia debe mwekezaji. Sisi tudai kiwango kimoja cha betri kwa nchi nzima, kama mtungi wa maji wa lita ishirini unavyokaa kwenye dispensa yoyote. Tudai kisheria kwamba mwenye pikipiki akitaka kununua betri yake na kuchaji kwake aruhusiwe. Tudai vituo vya kubadilishia betri vipewe pia SACCOS za bodaboda, wao ndio wenye vijiwe, wao ndio wenye wateja. Rwanda tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya ya petroli ya abiria mjini Kigali. Ethiopia mwanzoni mwa 2024 ilifunga mlango kwa magari binafsi ya mafuta kutoka nje. Hizo amri zinapendeza kwenye habari, lakini mimi nisingependa Tanzania ianze na amri. Ukipiga marufuku kabla ya kumaliza suala la betri, umemfunga bodaboda kamba na kumkabidhi mtu.

Na umeme upo? Niliwaahidi hesabu. Chukua bodaboda laki moja, wote wa umeme, kila mmoja uniti 5 kwa siku. Ni uniti laki tano. Zikichajiwa ndani ya saa kumi, hasa usiku watu wamelala, ni megawati 50. Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Laki moja ya bodaboda hawamalizi hata robo ya mtambo mmoja. Kwa hiyo ile picha yangu ya mshumaa, naifuta. Tatizo letu halikuwahi kuwa pikipiki. Ni nyaya chakavu, transfoma zilizozidiwa, laini inayokatika Chamazi kila likinyesha wingu. Huko ndiko tuibane TANESCO, kwa takwimu, siyo kwa vikatuni.

Mabasi sasa. Mwendokasi ulianza Mei 2016 na mabasi ya dizeli. Basi moja likijaa linabeba watu ambao wangejaza daladala kadhaa, kwa hiyo hata la dizeli ni nafuu kuliko foleni ya magari madogo. Lakini mji wa Shenzhen kule China ulikuwa na mabasi zaidi ya elfu 16, na kufikia mwisho wa 2017 yote yalikuwa ya umeme. Walifanya kwa sababu serikali ya mji ilipanga njia, ikajenga vituo vya kuchaji, ndipo ikaleta mabasi. Sisi karakana yetu ya kwanza tuliijenga Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, mahali ambapo kila mtoto wa Magomeni anajua maji yanapita. Mafuriko ya 2018 yaliharibu mabasi. Yale yalikuwa ya dizeli. Fikirieni mngeweka pale betri na mitambo ya kuchaji. Watakapoleta mabasi ya umeme, swali letu la kwanza lisiwe mabasi mangapi. Liwe mnayalaza wapi.

Na foleni ya magari ya umeme ni foleni vilevile. Tairi linasagika, vumbi lake linavutwa, na gari la umeme ni zito kuliko mwenzake. Breki zake zinachafua kidogo kwa sababu mota ndiyo inapunguza mwendo, sawa, lakini tairi ni tairi. Anayetaka hewa safi Dar aanze na basi, njia za baiskeli na miguu. Hilo nalitaja nikipita, linahitaji siku yake.

Kitu kimoja sitakipita haraka. Betri zikifa zinakwenda wapi?

Nendeni mkasome habari ya Owino Uhuru, Mombasa. Ni mtaa wa watu maskini kama wa kwetu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ubavuni mwa nyumba zao. Moshi na maji ya kiwanda vilileta risasi kwenye udongo, kwenye damu ya watoto. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi pale, Phyllis Omido, mtoto wake akaumwa, akaanza kupiga kelele. Alikamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama mwaka 2020 iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, wakanyang'anywa kwenye rufaa, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipowarudishia. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa.

Naisema kwa sababu bajaji nyingi za umeme za bei rahisi zinakuja na betri za risasi, si za lithiamu. Zinakufa haraka, mwaka au miwili. Mnunuzi wa vyuma chakavu atazipokea kwa furaha na kuzivunja kwa nyundo uani, watoto wanacheza pembeni. Tutakuwa tumeondoa risasi kwenye petroli tukairudisha kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo kila anayeleta betri nchini aandikwe, na alazimike kuirudisha ikifa. Anayeuza betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, isiyo na kobalti wala nikeli, apewe unafuu wa ushuru. Kobalti mnajua inakotoka. Kongo inatoa kama asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na kule Kolwezi watoto wanaoongea Kiswahili kama sisi wanaingia mashimoni kuichimba. Hewa safi ya Temeke isinunuliwe kwa mapafu ya mtoto wa Lualaba.

Na sisi wenyewe tuna grafiti Mahenge, tuna nikeli Kabanga kule Ngara. Nisianze, maana mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme tu kwamba sijaona sababu ya kusafirisha mchanga na kununua betri.

Wapo watakaoumia. Fundi wa gereji anayeishi kwa kubadilisha ringi na piston, kijana wa sheli, yule mama wa chupa pale kona. Pikipiki ya umeme haina oili ya kumwaga. Tukienda kwa mafundi na habari hii bila kuwaambia watajifunza wapi kazi mpya, VETA ipi, kwa ada gani, watatufukuza, na watakuwa sahihi. Na serikali nayo itaumia: barabara zetu zinatengenezwa kwa tozo iliyomo ndani ya lita. Lita zikipungua watatafuta pa kushika. Mimi naona watashika kwenye luku. Tuanze kuuliza sasa, kabla hawajaamka na bei ya uniti.

Sasa kazi. Katibu ana karatasi pale mlangoni. Kila mmoja wenu mwenye mkataba wa pikipiki, ya petroli au ya umeme, alete nakala, tufiche jina lako na la tajiri. Nataka tupate mia kabla ya mwezi kuisha, tuzisome na wanasheria wetu, kifungu kwa kifungu, tuone nani anamiliki betri, nani anaruhusiwa kuzima pikipiki, na mkataba unaisha lini. Hizo ndizo tutakazompa mbunge tutakayempelekea hoja.

Haya, maswali. Yule kamanda wa nyuma aliyekuwa anatikisa kichwa tangu nilipotaja TANESCO, anza wewe.